Mbio zangu za kwanza za kilomita 10 Dar es Salaam: je, wiki kumi zinatosha kujiandaa?

Mwalimu wa Kigamboni

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari, mwanamke wa miaka 41, ninaishi Kigamboni na kufundisha ng'ambo, mjini. Mimi na walimu wenzangu saba tumejiandikisha katika mbio za barabarani zitakazofanyika hapa Dar es Salaam mwezi Agosti. Wenzangu wote wamechagua kilomita 5. Mimi, kwa ushawishi wa mwalimu wetu wa michezo, nimechagua kilomita 10, na tangu siku niliyolipa ada moyo wangu haujatulia. Zimebaki wiki kumi.

Hali yangu ni hii. Kila siku ya kazi hutembea dakika 25 kutoka nyumbani hadi kwenye pantoni, na jioni hurudi kwa miguu vilevile, kwa hiyo kutembea hakunipi shida. Kukimbia ndiko kulikonishinda. Wiki iliyopita nilitoka alfajiri, nikafika kama mita 400, kifua kikawaka, kichomi kikanishika ubavu wa kulia, nikarudi nyumbani nikitembea. Kesho yake nilikuwa na maumivu kwenye muundi wa miguu yote miwili, nayo yalikaa siku mbili.

Ningependa mnisaidie katika mambo haya. Kwanza, je, kilomita 10 ni jambo linalowezekana kwa mtu wa hali yangu, au niwaombe waandaaji wanihamishie kwenye kilomita 5? Pili, viatu: nina raba za kawaida za kutembelea, na bei za raba mpya za kukimbilia nimeziona madukani zikanitisha. Tatu, mimi huvaa hijabu na nguo ndefu, na sitaki kubadilisha hilo, lakini sijui nivae kitambaa gani nisizidiwe na joto. Nne, mwaka jana kwenye zahanati niliambiwa presha yangu imepanda kidogo, ingawa sikupewa dawa. Na la mwisho, ambalo nalisema kwa sababu ndilo linaloninyima usingizi kuliko yote: naogopa kubaki peke yangu barabarani, wa mwisho, huku magari yakianza kuruhusiwa kupita.

Mzee wa Mlimani

Mwalimu, hongera kwa uamuzi, na pole kwa kichomi. Nimekimbia kwenye barabara na vilima vya Chuo Kikuu, Mlimani, kwa zaidi ya miaka 20, na kwa jinsi ulivyoeleza naona kilichokushinda alfajiri ile si umri, ni mwendo. Mtu ambaye hajakimbia kwa miaka mingi huondoka kwa mwendo aliouacha alipokuwa mwanafunzi, yaani ule wa kushindana mita 100, na hakuna mwili usio na mazoezi unaoweza kuuhimili mwendo huo kwa zaidi ya dakika moja au mbili.

Mwendo unaokufaa ni ule unaoweza kuzungumza ukiwa ndani yake. Bila shaka umewahi kuviona vikundi vya jogingi vya Temeke, Ilala na kwingineko vikipita barabarani Jumapili alfajiri. Wanakimbia wakiimba, mmoja anaanzisha na wengine wanaitikia, na wanaowatazama hudhani nyimbo zile ni za kuchangamsha tu. Kwangu mimi nyimbo zile ni kipimo. Anayeweza kuitikia bila kukatika pumzi yuko katika mwendo ambao mwili unaweza kuuendeleza kwa saa nzima, na anayenyamaza kiitikio kinapofika amezidisha. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, basi tumia shairi: ukikimbia peke yako, sema kwa sauti ya chini mshororo mmoja wa mizani kumi na sita. Ukiumaliza kwa pumzi moja, uko salama. Ukilazimika kuvuta hewa kabla ya kufika kwenye kina cha kati, punguza mwendo hapo hapo, hata kama unaona kwamba anayetembea kando yako anakaribia kukupita.

Wiki kumi zinatosha kwa kilomita 10, mradi ukubali kukimbia na kutembea kwa zamu. Toka siku tatu kwa wiki, wala usiunganishe siku mbili mfululizo. Wiki mbili za kwanza kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia hivyo mara kumi, kisha nenda nyumbani hata kama unajiona bado una nguvu. Wiki ya tatu na ya nne kimbia dakika 2 na kutembea 1. Ukifika wiki ya sita au ya saba uwe unakimbia dakika 5 na kutembea 1, na mpango huo unaweza kubaki nao mpaka siku ya mbio bila kuona haya. Siku moja kati ya hizo tatu, tuseme Jumapili, iwe ya safari ndefu: anza na kilomita 3, ongeza kidogo kidogo, kila baada ya wiki tatu punguza ili miguu ipumzike, ufikie kilomita 8 wiki mbili kabla ya mbio. Si lazima ufike 10 mazoezini. Wiki ya mwisho punguza mazoezi kwa nusu, kwa sababu utakachofanya wiki hiyo hakitakuongezea nguvu tena, kitakuachia uchovu.

Agosti ni mwezi mzuri kwako. Lile fukuto la Januari na Februari, ambalo hulowesha nguo kabla hujaanza kukimbia, linakuwa halipo, na alfajiri za kipupwe zina upepo wa kusi. Hata hivyo fanya mazoezi yako saa ileile ambayo mbio zitaanza, maana mwili uliozoea kukimbia jioni hushangaa ukiamshwa saa kumi usiku.

Siku yenyewe, simama nyuma. Narudia: simama nyuma kabisa. Namba utakayobandika kifuani mara nyingi huwa na chipu inayoanza kukuhesabia muda unapovuka mstari, kwa hiyo hupotezi hata sekunde moja kwa kusubiri walio mbele waondoke. Kilomita ya kwanza ndiyo inayoharibu mbio za wageni. Muziki unapiga, watu wanapiga vigelegele, umati mzima unatoka kwa kasi, nawe unajiona mwepesi kwa sababu umepumzika siku mbili. Sisi Watanzania tumelelewa na habari za Filbert Bayi, aliyeongoza mita 1500 kuanzia mlio wa bastola hadi mwisho huko Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na wengi tumekua tukiamini kwamba hivyo ndivyo mbio zinavyokimbiwa. Bayi alikuwa ameujenga mwili wake kwa mbinu hiyo. Mimi ningekuomba umtazame Mtanzania mwenzetu Alphonce Simbu katika marathoni ya Mashindano ya Dunia kule Tokyo, tarehe 15 Septemba 2025, alivyovumilia kukaa nyuma ya wengine hadi ndani ya uwanja, akampita Mjerumani Amanal Petros katika hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, naye akachukua dhahabu kwa tofauti ya sekunde 0.03. Kilomita 42 zote alikuwa ameziwekea akiba.

Kuhusu kuwa wa mwisho, uliza waandaaji kama kuna mbio za kilomita 21 siku hiyo. Kama zipo, barabara itabidi ifungwe kwa muda wa kuwatosha wanaozikimbia taratibu, ambao ni karibu saa tatu. Wewe, kwa wastani wa dakika 8 kwa kilomita, vipindi vya kutembea vikiwemo, utakuwa umemaliza kwa saa 1 na dakika 20.

Kaka wa Tabata

Mzee wangu, nakuheshimu sana, lakini katika hili la kilomita 10 nina mawazo tofauti. Mwalimu ana miaka 41, hajakimbia tangu ujana, presha imewahi kupanda, na muundi umeshauma kwa mita 400 tu. Kwa nini asianze na 5 pamoja na wenzake, akafurahi, kisha 10 azifanye mwakani? Nimeona watu wengi waliolazimisha umbali mara ya kwanza, wakaumia, na hawakurudi tena barabarani. Ningependa Mwalimu awe bado anakimbia miaka mitano ijayo.

Kuhusu raba, usitishwe na bei za madukani. Nenda soko la Karume, utapata raba za mtumba za kukimbilia kwa bei ya kuridhisha, ila uwe na jicho. Usiangalie rangi wala jina la kampuni. Geuza kiatu, tazama kisigino: kama soli imelika upande mmoja, kiache, kwa sababu kitaukunja mguu wako kama kilivyoukunja wa aliyekivaa kabla yako. Bonyeza sponji ya kati kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao au ina mikunjo mingi, imekufa, hata kama juu kiatu kinang'aa. Kiatu cha kukimbilia huwa kimechoka kikishatembea kilomita 500 hadi 800, na mtumba hauna wa kukwambia kimeshakwenda ngapi. Nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo kwa shughuli za siku, ukiwa na soksi utakazokimbilia, na hakikisha kuna nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Vinunue mapema. Kiatu kipya siku ya mbio ni malengelenge.

Bi. Chumbageni

Mwalimu, asalaam aleikum kutoka Tanga. Mimi hukimbia na hijabu kwa mwaka wa sita sasa, kwa hiyo kwenye swali lako la tatu naweza kusema kwa uhakika.

Acha pamba. Najua tumefundishwa kwamba pamba ndiyo nguo ya wakati wa joto, na kwa kukaa nyumbani ni kweli, lakini ukikimbia pamba hunywa jasho, ikawa nzito, ikakushika mwilini na kukuchubua. Tafuta fulana ya mikono mirefu ya kitambaa chepesi cha michezo, kile kinachokauka haraka, suruali pana kidogo ya kitambaa hichohicho, na juu yake, ukipenda, gauni fupi la magotini lenye mpasuo pembeni ili hatua isibanwe. Kwa kichwa, hijabu ya kuvuta, isiyohitaji pini, kwa sababu pini ikifunguka kilomita ya nne utasimama kuitafuta. Rangi hafifu hupata joto kidogo kuliko nyeusi jua likishachomoza. Halafu ivae hiyo seti yote, yote kabisa, katika safari zako za Jumapili angalau mara tatu, ili uijue tabia yake ikiwa imelowa.

Jambo ambalo wanaume hawatakuambia ni michubuko. Paka mafuta ya mgando kwa wingi mapajani kwa ndani, kwapani, chini ya mshipi wa sidiria na mahali hijabu inapogusana na kidevu. Mara yangu ya kwanza sikupaka, na maji ya kuoga baada ya mbio yaliniliza. Jambo jingine ni choo. Fika saa moja kabla, kwa sababu foleni ya wanawake huwa ndefu mara mbili ya ile ya wanaume, na beba karatasi zako.

Chakula, kula ulichozoea. Usiku wake wali au ugali kwa kiasi, maharage uyaache mpaka kesho. Alfajiri, saa mbili kabla ya mbio, chai na mkate vipande viwili au ndizi mbivu. Mezani kwenye maji chukua kikombe, tembea, kunywa mafunda mawili matatu, endelea. Kuyagugumia maji ukiwa unakimbia ni kukiita kichomi kwa jina lake.

Kuhusu kuogopa kuwa wa mwisho, dada yangu, nilikuwa wa tatu kutoka mwisho katika mbio zangu za kwanza. Waliokuwa nyuma yangu ni mama mmoja wa makamo na mjukuu wake, na tulimaliza tukijuana majina.

Tiba kwa Vitendo

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, na nitajibu yale yanayonihusu kwa kazi yangu.

Tuanze na presha, maana yote mengine yanaweza kusubiri. Mwalimu, kabla ya wiki ya pili ya mazoezi nenda kituo cha afya upimwe ukiwa umekaa na kupumzika dakika tano, na upimwe tena siku nyingine, kwa kuwa kipimo kimoja hakitoshi. Ikiwa imepanda kidogo, mazoezi ya taratibu ni sehemu ya tiba yenyewe, na daktari atakuambia hivyo. Mtu mwenye 180 kwa 110 au zaidi akiwa amepumzika hapaswi kuanza mazoezi ya nguvu mpaka atibiwe. Ukipewa dawa, mwambie daktari kwamba unakimbia, kwa sababu baadhi ya dawa za presha hupunguza maji mwilini. Ukiwa barabarani, maumivu ya kifua yanayobana, kizunguzungu au moyo kudunda bila mpangilio ni amri ya kusimama na kuomba msaada wakati huohuo.

Muundi. Maumivu yaliyoenea kwenye urefu wa mfupa, ya miguu yote miwili, yanayoisha baada ya siku mbili, ni ya misuli na mifupa isiyozoea mtikisiko, na mpango wa zamu alioutoa Mzee wa Mlimani ndio dawa yake. Piga hatua fupi fupi, na usikitupe kisigino mbele sana. Lakini ikiwa maumivu yako mahali pamoja unapoweza kupagusa kwa kidole, yanazidi kadiri unavyokimbia na yanakuamsha usiku, hiyo ni dalili ya mfupa kuanza kupata ufa. Hapo unaacha kukimbia na kuja kupimwa.

Naomba pia usimeze diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mbio ili "kujikinga". Nimekuwa nikiiona tabia hii ikienea na inanisikitisha. Dawa hizo pamoja na upungufu wa maji huzielemea figo, na kwa mwenye historia ya presha ni vibaya zaidi. Isitoshe, zinanyamazisha maumivu ambayo yangekuambia usimame.

Katika vikundi vya kukimbia watu hupenda kumtaja John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa amejeruhiwa goti, kama hoja ya kumshawishi mwenzao anayechechemea aendelee. Namheshimu Akhwari kama Mtanzania yeyote. Yeye alikuwa mwanariadha wa taifa kwenye Olimpiki, siku ambayo kwake haikuwa na ya pili mfano wake. Mwalimu ana shule Jumatatu, na mbio za kilomita 10 zitakuwepo tena baada ya miezi michache. Goti likigoma, toka barabarani.

Kati ya 5 na 10, nadhani Mzee na Kaka wa Tabata wote wana haki, na jibu litatoka kwenye mazoezi. Usiwaombe waandaaji chochote sasa. Ukifika mwisho wa wiki ya sita ukiwa umemaliza kilomita 5 kwa zamu bila maumivu, kimbia 10. Ukiwa hujafika hapo, omba kuhamishiwa 5.

Mwalimu wa Kigamboni

Nawashukuru sana, sikutarajia kujibiwa kwa kina namna hii. Presha nimepima mara mbili, 134 kwa 86 na 130 kwa 84, na daktari ameniruhusu kuendelea. Leo nimefanya zamu kumi za dakika moja, na mshororo wa mizani kumi na sita niliumaliza kwa pumzi moja kuanzia zamu ya tatu, baada ya kupunguza mwendo mpaka nikaona haya. Swali dogo: wakati wa zamu ya kutembea, nisubiri nichoke ndipo nitembee, au nifuate saa?

Mzee wa Mlimani

Fuata saa. Ukisubiri uchoke, utakuwa umeshachelewa, na dakika moja ya kutembea haitatosha kukurudishia pumzi. Na siku ya mbio anza zamu zako kuanzia dakika ya tano ya kwanza, hata kama wote wanaokuzunguka wanakimbia. Kabla ya kupunguza mwendo sogea pembeni na unyooshe mkono juu ili wa nyuma asikugonge.

Mwalimu wa Kigamboni

Ndugu zangu, narudi kuwapa taarifa. Jana nimemaliza kilomita 10 kwa saa 1, dakika 23 na sekunde 40.

Wiki ya sita nilikuwa nimefikisha kilomita 6 bila maumivu, ndipo nikaamua. Nilisimama nyuma kama nilivyoagizwa, na ilikuwa vigumu kuliko nilivyodhani, kwa sababu mwalimu wa michezo alinivuta mkono twende mbele na ikabidi nimkatalie mara mbili. Kilomita ya kwanza watu walinipita bila kukoma. Dakika ya tano nilinyoosha mkono nikatembea, na kijana mmoja akaniambia, "Mama, jikaze, bado mapema!" Nilimshukuru nikaendelea kutembea. Juu ya Daraja la Tanzanite upepo wa bahari ulitupiga usoni, na hapo ndipo nilipoanza kuwapita waliokuwa wamenipita, mmoja mmoja, wakiwa wamesimama wameshika viuno. Yule kijana alikuwa miongoni mwao. Kichomi kilinijia mara moja tu, kilomita ya saba, baada ya kunywa kikombe kizima kwa kiu, nikatembea dakika mbili kikaachia. Mita 200 za mwisho nilikimbia bila zamu na sikuweza kusema hata nusu mshororo. Wenzangu wa kilomita 5 walikuwa wananisubiri na fulana zao zimeshakauka.

Bi. Chumbageni, mafuta ya mgando nilipaka kila mahali ulipotaja isipokuwa chini ya kidevu, na ni hapo tu nilipochubuka.

Leo nashuka ngazi za shule nikiwa nimeshika ukuta. Mapaja yanauma kwa mbele, magoti hayajavimba. Je, nirudi lini kukimbia? Jumapili ijayo nimealikwa na kikundi cha jogingi cha mtaani.

Tiba kwa Vitendo

Hongera sana, Mwalimu. Mapaja kuuma kwa mbele unaposhuka ngazi ni kawaida, kesho yanaweza kuzidi kidogo kabla hayajaanza kupoa. Endelea kutembea kwenda na kurudi pantoni, usilale kitandani ukisubiri yapone, kunywa maji, usichue kwa nguvu. Kuanzia siku ya tano, ikiwa unaweza kushuka ngazi bila kushika ukuta, kimbia dakika 20 kwa zamu zako za zamani. Kwenye kikundi nenda Jumapili, lakini kaa nyuma kwenye mistari ya mwisho, na ukishindwa kuitikia wimbo, tembea.